Waadhi juu ya Maji Yagandayo na Mtu Aulizaye

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeyashusha maji kutoka mbinguni kwa kadiri, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Kila kijana wa pwani aliyekaa chuoni akafundishwa matini ya Abu Shujaa amesoma kuwa maji yafaayo kujitwahirishia ni ya namna saba, na mawili katika hayo ni maji ya theluji na maji ya mvua ya mawe. Na kila mwanamume aliyepata kumsalia maiti anaijua dua ambamo vitu hivyo viwili hutajwa pamoja na maji, kuwa ni vya kumwoshea marehemu dhambi zake. Lakini ni wangapi katika watu wa Lamu, au Unguja, au Kilwa, waliopata kuvishika kwa mikono? Huvitamka kwa ulimi, na moyo haujui utamkwalo.

Na aende Mbeya mwenye kutaka kujua. Huko mvua ya mawe hupiga mabati hata watu wasisikizane. Na juu ya uwanda wa Kitulo, ulioinuka kadiri ya meta 2,600 juu ya bahari, kuna asubuhi za kipupwe ambazo majani huamka meupe kwa sakitu. Wengi hudhani kuwa sakitu ni umande ulioganda. Mara nyingine huwa hivyo. Lakini katika usiku mkavu usio na wingu wala upepo, ardhi hutoa hari yake ikapotea juu, na mvuke ulio hewani hugeuka barafu pale pale juu ya jani, pasipo kuwa maji kwanza. Kitu ni kimoja, na hali zake ni tatu.

Katika kugeuka huku mna jambo ambalo jicho halilioni. Chungu kikiwekwa motoni, maji huzidi kupata moto mpaka yachemke. Yakisha kuchemka, mpishi hata aongeze kuni mzigo mzima, hari ya maji haiongezeki. Moto ule wote hutumika kuyafanya maji kuwa mvuke. Na barafu ni vivyo hivyo: ikikorogwa ndani ya maji yake, hukaa katika digrii 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Hari iyeyushayo ratili moja ya barafu ingetosha kuyapasha maji ya ratili moja toka digrii 0 hata karibu na 80. Na kuyageuza mvuke maji yachemkayo hutaka hari zaidi ya mara tano ya ile iliyoyapandisha toka 0 hata 100.

Tena hiyo 100 ni ya watu wa pwani. Mbeya iko juu kadiri ya meta 1,700. Uzito wa hewa huko ni mdogo, na maji huchemka penye digrii 94 hivi. Ndiyo sababu mpishi aliyetoka Tanga huyalaumu maharage ya bara kuwa ni magumu, naye hazidishi ila hasara ya kuni. Afadhali angefunika chungu, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

Sasa yafuata yaliyompata kijana mmoja. Mwaka 1963, katika skuli ya Magamba, wanafunzi walikuwa wakipika maziwa na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu yagande. Siku moja nafasi ilikuwa chache, na Erasto Mpemba akayatia yake yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu yake yaliganda, na ya mwenziwe, yaliyotiwa bila kupikwa, bado. Akamwuliza mwalimu, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipokwenda Iringa, katika skuli ya Mkwawa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akafanya mzaha kuwa hiyo ni elimu ya Mpemba peke yake, si ya ulimwengu, na wanafunzi wakayashika maneno yale wakawa wakimchekea.

Hapa pana hatari, na haimo Iringa tu. Katika darasa nyingi za pwani, kijana aulizaye asilolitazamia mwalimu hutiwa haya mbele ya wenziwe, na adabu hufanywa pazia la kufichia kutojua. Ilhali katika Suratun Nahli watu wameamrishwa kuwauliza wenye elimu, na katika Suratul Hujurati wamekatazwa kudharauliana. Mwenye kumcheka aulizaye ameziacha amri mbili kwa kicheko kimoja.

Mpemba hakunyamaza. Alijaribu mwenyewe kwa maji katika vyombo viwili, akaona yale yale. Kisha Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alizuru Mkwawa, na kijana akasimama akamwuliza mbele ya watu wote. Wakacheka. Osborne hakucheka, wala hakusadiki papo hapo, na hilo ndilo la kusifiwa zaidi. Alirudi Dar es Salaam akaamuru jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala pamoja.

Wala asikimbilie mtu kusema kuwa shauri limekwisha. Wengine hutaja maji ya moto yapungukayo kwa kutoa mvuke, wengine mizunguko yake ndani ya chombo, wengine maji yapitayo chini ya digrii 0 yasigande mpaka yashtuliwe.  Lakini mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima muda wa maji kufika digrii 0, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa ya moto hutangulia, na kwamba kipima hari kikisogezwa kidogo tu juu au chini, jibu hubadilika. Wengine wamewapinga. Mwenye jokofu, na bakuli mbili zilizo sawa, na subira ya saa mbili, na ajaribu nyumbani kwake, watoto wake wakitazama.