Urafiki Unaoweza Kusema Hapana



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wasomaji, swali la makala hii ni fupi lakini si jepesi: je, kijana wa Kiislamu anaweza kuwa rafiki wa kweli wa kijana asiyekuwa Mwislamu, bila dini yake kupungua na bila urafiki wenyewe kuwa wa kuigiza? Katika darsa zetu swali hili hujibiwa haraka mno. Wengine husema "haifai" na kufunga kitabu. Wengine husema "sote ni binadamu" na kukifunga vilevile. Leo naomba tukiache wazi kidogo.

Uzito wa swali hili Mpondwe

Sisi tuliokulia upande wa Bwera na Mpondwe hatukulikuta swali hili darasani. Mto Lhubiriha ukiuvuka uko Kasindi, nchini Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa asili moja, na lugha zao zinasikilizana. Katika ukoo mmoja utamkuta Mwislamu, Mkatoliki, Muanglikana na Msabato. Waislamu tu wachache. Kwa hiyo rafiki wa kwanza wa mtoto wa Kiislamu mara nyingi ni binamu yake anayekwenda kanisani, na hakuna aliyemwomba fatwa kabla ya kucheza naye.

Lakini Mpondwe ina historia nyingine. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia hapo mpakani, na huo ukawa mwanzo wa vita vilivyoitesa milima ya Rwenzori kwa miaka. Juni 1998 waliwachoma moto wanafunzi katika chuo cha ufundi cha Kichwamba. Kisha usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe. Serikali ilitaja watu 42 waliouawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Walichomwa ndani ya bweni, walikatwa mapanga, na wengine wakatekwa kwenda msituni. Waliofanya hayo wanajiita wapiganaji wa Uislamu.

Tangu siku hiyo kijana wa Kiislamu wa Kasese akiketi na rafiki yake Mkristo, kuna mtu wa tatu ameketi kati yao hata kama hatajwi. Ndiyo maana nasema swali hili si la mjadala wa jioni.

Riwaya zinatufunza nini

Baadhi ya ndugu huona kusoma riwaya ni kupoteza wakati. Mimi nakumbuka kwamba Allah ametusimulia Sura nzima ya Yusuf, na akaiita nzuri ya simulizi. Riwaya za wanadamu haziwezi kukaribia daraja hiyo, lakini zina faida moja: zinamweka msomaji ndani ya moyo wa kijana mwingine aliyebanwa na mila mbili. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni The River Between ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka 1965. Kuna vilima viwili, Kameno na Makuyu, na mto unapita katikati. Muthoni, binti wa mhubiri, anataka kubaki Mkristo na wakati huohuo atahiriwe kama wasichana wa kabila lake. Anakufa kwa kidonda hicho. Linaloumiza zaidi ni yanayofuata: kila upande unakichukua kifo chake na kukifanya ushahidi dhidi ya upande wa pili. Hakuna anayekaa kuuliza msichana mwenyewe alitaka nini.

Ya pili ni Waiting ya Mganda mwenzetu Goretti Kyomuhendo, iliyochapishwa 2007. Ni mwaka 1979, askari wa Amin wanakimbia, na wanakijiji wa upande wa Hoima wanalala migombani kwa hofu. Msimulizi ni Alinda, msichana mdogo. Karibu naye wapo Jungu, ambaye baba yake ni Mhindi, na mwanamke Mlendu aliyetoka Kongo. Katika amani watu hawa wangeishi kila mmoja na jina alilopachikwa. Hofu ya usiku inawalaza mahali pamoja.

Ya tatu ni Does My Head Look Big in This? ya Randa Abdel-Fattah, mwandishi Mwislamu wa Australia, iliyotoka 2005. Amal, mwenye umri wa miaka 16, anaamua kuvaa hijabu kila siku katika shule ambayo karibu wote si Waislamu. Marafiki zake Simone na Eileen si Waislamu, na wanabaki naye. Kijana Adam anataka kumbusu, Amal anakataa na kumweleza kwamba dini yake hairuhusu. Adam anaumia, na urafiki wao unapita kwenye baridi. Pia mwanafunzi mwenzake anamtaka azungumze mbele ya wenzao kuhusu Uislamu na ugaidi, kana kwamba yeye ni msemaji wa kila muuaji. Anakataa mzigo huo.

Ukiziweka riwaya hizi pamoja utaona jambo. Makuyu na Kameno hazikuwa na nafasi ya mtu kusema "hili nalikubali, hili hapana", na kijana akafa katikati. Amal alisema "hapana" yake waziwazi, na waliokuwa marafiki wa kweli walijulikana hapo.

Mfano wa Uhabeshi

Hili si geni kwetu. Mwaka 615 Waislamu wa mwanzo walihamia Uhabeshi wakikimbia mateso ya Makureshi, na mfalme Najashi, Mkristo, akawapokea. Makureshi walituma wajumbe wakidai warudishwe, na wakamchokoza mfalme awaulize wanasema nini kuhusu Isa (A.S.). Fikiria hali ya Ja'far bin Abi Talib (R.A.). Wake, waume na watoto wanategemea ulimi wake. Ilikuwa rahisi kulainisha maneno. Hakulainisha. Alisema tunachoamini: Isa ni mja wa Allah, Mtume Wake, na neno Lake alilompa Maryam. Na Najashi akaendelea kuwalinda.

Huenda ukasema Najashi alisilimu baadaye. Basi mtazame Mut'im bin Adi, aliyekufa katika ushirikina. Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka Taif alikokuwa amepigwa mawe, Mut'im ndiye aliyempa ulinzi akaingia Makka. Baada ya vita vya Badr, Mut'im akiwa ameshakufa, Mtume alisema kwamba angekuwa hai na kuwaombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake. Wema wa mtu yule haukusahauliwa kwa sababu ya itikadi yake. Naye Abdullah bin Urayqit, aliyeongoza njia katika Hijra yenyewe, hakuwa Mwislamu, na siri ya safari ilikuwa mikononi mwake.

Pingamizi lenye nguvu

Ndugu anayepinga ana dalili, na ni haki tuzisikilize. Aya ya 51 ya Suratul Maida inakataza kuwafanya Mayahudi na Manasara kuwa "awliyaa". Wafasiri wengi wamelieleza neno hilo kwa maana ya kuwategemea kama walinzi na washirika dhidi ya Waislamu, si kila uhusiano wa wema. Na aya ya 8 na ya 9 za Suratul Mumtahina zinapambanua wazi: Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Aliyekatazwa ni yule anayepigana nasi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni hadithi inayotufundisha kwamba mtu huwa katika dini ya rafiki yake, basi aangalie anayefuatana naye. Hii ni kweli, na anayeipuuza hajijui. Tumeona vijana wakiacha swala kidogo kidogo kwa kuona haya mbele ya wenzao. Lakini hadithi inatuamuru kuangalia. Nikiwa kidato cha tatu, rafiki yangu Mkristo ndiye aliyekuwa akiniamsha kula daku bwenini, huku Waislamu wenzangu wawili wakinicheka kwa kufunga siku ya mtihani. Katika watatu hao, ni nani aliyekuwa akiivuta dini yangu chini? Urafiki wa hatari ni ule unaokufanya uone haya kusema "mimi siwezi hili".

Hapana ya pande mbili

Sasa nije kwenye jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kama tunataka "hapana" yetu iheshimiwe, na sisi tuheshimu ya mwenzetu. Wapo wanaomfanyia Mkristo urafiki kama mtego: akikaribia kusilimu ni ndugu, akikataa hasalimiwi tena. Da'wa ni wajibu, na tabia njema ni da'wa. Lakini wema unaozimwa siku mtu anapokataa ulikuwa bei, na dini haina kulazimishana, kama isemavyo Suratul Baqara aya ya 256.

Watu wetu wa kawaida wanalijua hili bila kulisomea. Kwenye harusi za Wakristo huku Uganda, Mwislamu huitwa achinje ili wageni wote wale sahani moja. Mwenye sherehe hakubadili dini, wala mgeni hakuila haramu. Kwenye msiba Mwislamu huchimba kaburi, hubeba maji, huketi na wafiwa, na wakati wa ibada ya kanisa hukaa kando. Hakuna anayemuuliza kwa nini amekaa kando.

Tunachodaiwa baada ya Juni 2023

Inabaki Mpondwe. Tumezoea kusema "wale si Waislamu" na kuondoka. Mimi naona jibu hilo, hata likiwa na nia njema, linamwacha rafiki peke yake na maiti wake. Ni kweli kwamba Amal hakupaswa kujibu kwa niaba ya wauaji, wala wewe hupaswi. Hatia haibebwi kwa jina la dini. Lakini kutokuwa na hatia ni jambo moja, na kuwa rafiki ni jambo lingine. Rafiki anadaiwa kuwapo: kufika kwenye matanga, kukaa hata pale anapotazamwa vibaya, na kutoa ushahidi. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tushuhudie haki hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Anayehubiri chuki msikitini kwetu ni sisi wa kwanza kumkataza, kwa sababu ni sisi tunaomsikia.

Kazi hii ina gharama. Mei 2021, mjini Beni, ng'ambo ya mpaka wetu, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea wenye siasa kali, alipigwa risasi msikitini wakati wa swala. Hakuwa akijitetea mbele ya Wakristo. Alikuwa akiilinda dini yake na majirani zake kwa neno moja.

Na tusiwafanyie watoto wale wa Lhubiriha walivyofanyiwa Muthoni. Vifo vyao visiwe ushahidi wa kanisa dhidi ya msikiti, wala vya msikiti kujisafisha. Walikuwa wanafunzi waliolala baada ya kusoma.

Allah atujaalie imani isiyoona haya, na ujirani usioogopa. Awafariji wazazi wa Mpondwe, na awarudishe salama wote waliotekwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.