Je, Ni Aibu Kucheka Wakati wa Dhiki?

Msomaji mpenzi, yamkini umepata kumsikia mtu akimlaumu mwenziwe kwa kutazama mchezo wa kuchekesha siku za msiba wa nchi. Husemwa kuwa achekaye wakati wengine wanalia hana huruma. Lawama hii ni nzito. Na tuipime kabla ya kuikubali.

Mwaka 1348 tauni iliangamiza watu wengi sana katika mji wa Florence, nchi ya Italia. Baadaye Boccaccio alitunga kitabu kiitwacho Decameron, ambamo vijana kumi, wanawake saba na wanaume watatu, wanauhama mji huo na kusimuliana hadithi 100, nyingi za kuchekesha. Lakini kwanza aliieleza tauni bila kuficha: wagonjwa walioachwa na jamaa zao, na maiti waliorundikwa mahandakini. Mwenyewe aliufananisha mwanzo huo na mlima mkali ambao nyuma yake pana uwanda mzuri. Na mwishowe vijana wale hurudi mjini.

Korona ilipofunga shule za Kenya mwezi wa Machi 2020, watu wengi walijifariji kwa vichekesho vya simuni. Vichekesho hivyo havikumponya mgonjwa, wala havikumlipia mtu kodi ya nyumba. Basi faida yake ni nini? Mtazame mchukuzi apandaye mlima. Akitua mzigo kivulini, uzito wake haupungui hata ratili moja. Zinazoongezeka ni nguvu za kuubeba. Asiyetua kamwe huanguka njiani, na mzigo ukakosa mchukuzi. Lakini yuko mwingine atuaye, akalala hata jua likachwa, hali wenye mzigo wanamngoja. Huyo hakupumzika, ametoroka.

Kwa hiyo, ukisha kucheka, jiulize: nimemcheka nani, na sasa narudi wapi? Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani akisikiliza vichekesho jioni, kisha asubuhi akafungua kitabu, hana lawama. Lakini kijana akicheka chumbani hata asimsikie mama yake mgonjwa akiomba maji, kicheko chake ni ukatili, ijapokuwa mchezo wenyewe hauna ubaya.

Furaha ni kivuli cha njiani, si mwisho wa safari. Kipokee kwa shukrani, kisha jitwike mzigo wako; na ukiweza, msaidie jirani kujitwika wake.