Kuchagua Asili

Mambo mawili mwanadamu hakuulizwa kabla ya kuja duniani: azaliwe na nani, na azaliwe katikati ya watu gani. Katika mambo mengine aghalabu huachiwa nafasi ya kujaribu. Aliyezaliwa maskini huweza kutajirika, na aliyezaliwa bondeni huweza kupanda mlima. Lakini hajatokea aliyerudi tumboni akatoka kwa mama mwingine. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kwamba katika zama zetu umezuka mchezo ambao swali lake la kwanza ni lile lile ambalo maumbile hayakutuuliza.

Nanena juu ya michezo ya kompyuta ya namna ile ambayo mchezaji huingia katika nchi ya kubuni, yenye majoka na uchawi, akaishi humo kwa jina na mwili aliojichagulia. Katika mchezo mmoja wa jinsi hii uitwao Skyrim, uliotoka mwaka 2011, mchezaji hujikuta mfungwa anayepelekwa kuuawa. Askari mwenye orodha ya majina humtazama, hamwoni katika orodha yake, humwuliza yeye ni nani. Hapo, hatua chache kutoka kwenye gogo la kukatia vichwa, nyuso huanza kupita mbele ya macho ya mchezaji, naye huchagua. Asili zimewekwa kumi. Nne ni za binadamu. Tatu ni za watu wembamba wenye masikio marefu. Moja ni ya Orc, watu wenye meno ya ngiri. Moja ni ya Khajiit, mfano wa paka. Na moja ni ya Argonian, mfano wa mjusi. Akiisha kuchagua, hupewa jina na safari ikaanza.

Nimeliita jambo hili asili, na neno lenyewe lataka kupimwa kidogo. Waingereza walikuwa na neno moja tu kwa shughuli hii. Sisi tunayo mengi, wala wingi huu si upungufu. Ukoo ni wa watu wanaojua majina ya babu zao. Kabila ni la watu wa lugha na desturi. Taifa ni la watu wa bendera. Rangi ni habari ya ngozi, nayo huishia kwenye ngozi. Mchezo umeyachukua yote haya ukayafunga fungu moja, na juu ya fungu ukaweka bei. Wenye mchezo mkongwe wa mezani wa Dungeons & Dragons, ulioanza kuuzwa mwaka 1974 na kuwa mama wa michezo hii yote, waliona haya juu ya neno lao la zamani, na katika kitabu chao cha mwaka 2024 wakaliacha wakashika neno la wataalamu wa viumbe, yaani spishi. Nia yao ilikuwa njema. Walakini sioni kwamba jirani yangu amezidishiwa heshima kwa kutolewa katika kabila jingine na kutiwa katika mnyama mwingine.

Bei niliyoitaja ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Jioni moja mjini Morogoro niliketi katika chumba cha kijana mmoja anayesoma chuo, mzaliwa wa upande wa Matombo, mlimani. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, na kwa sababu hiyo alikuwa akicheza mchezo mkongwe uliomtangulia ndugu yake Skyrim, uitwao Oblivion, wa mwaka 2006. Katika mchezo huo kila asili huanza na hesabu zake: nguvu kiasi hiki, wepesi kiasi hiki, akili kiasi hiki. Kijana alizipitisha nyuso moja moja. Alipofika kwa Redguard, ambao ndio binadamu weusi wa nchi ile, alisimama akasoma. Akili yao imeandikwa 30. Akaendelea mpaka kwa Breton, watu weupe walioandikiwa 50, akachagua hao.

Nikamwuliza, "Mbona umemwacha huyu anayefanana nawe?"

Akanijibu kwa adabu, bila uchungu wo wote, "Shikamoo yake naipokea, mwalimu, lakini mimi nataka kuwa mchawi. Huyu akili zake hazitoshi."

Haki haina budi kutendwa hata kwa mchezo. Watu weupe wa theluji, wanaoitwa Nord, nao waliandikiwa akili 30 katika mchezo ule ule. Wala siamini kwamba aliyezipanga hesabu hizo alikusudia kumtukana mtu wa Matombo. Redguard walisifiwa kwa ushujaa na upanga. Lakini hebu mtazame mtoto wa kizungu anayekutana na Nord wake. Ameandikiwa 30, na pembeni yake wamo watu wengine wawili wenye ngozi kama yake walioandikiwa 40 na 50. Anayo nafasi ya kuwa mweupe mwenye nguvu au mweupe mwenye akili. Kijana wangu alikuwa na uso mmoja tu, na juu ya uso huo hesabu moja. Wingi wa nyuso ni uhuru wenyewe, na uhuru huo uligawiwa kwa upunjaji.

Itasemwa kwamba hata ngano zetu hufanya hivyo. Sungura ni mjanja tangu kuzaliwa, fisi ni mlafi tangu kuzaliwa, na hatujamwona fisi akienda mahakamani. Neno hili lina uzito, nami sitalipita mbio. Lakini msikilizaji wa ngano hajaambiwa achague kuwa fisi. Fisi wa ngano ni ulafi wa binadamu uliovikwa manyoya ili tuucheke bila kumtaja mwenyewe, naye akiwa mlangoni amekaa na kucheka pamoja nasi. Hana mjomba wala ngozi ya mtu fulani. Hesabu ya mchezo haikuvikwa manyoya. Ilivikwa uso wa mtu.

Wenye michezo wenyewe walianza kuliona jambo hili. Katika Skyrim hesabu ya akili kwa asili iliondolewa kabisa, zikabaki tofauti ndogo za ujuzi wa kuanzia, ambazo mchezaji huzipita baada ya muda. Katika Dungeons & Dragons, kitabu cha mwaka 2020 kiliruhusu nyongeza za vipaji zihamishwe ko kote, na kile cha mwaka 2024 kikaziweka katika maisha aliyoyapitia mtu kabla ya safari: kama alikuwa askari, mkulima au mwanachuoni. Naona hatua hiyo ni ya busara kuliko badiliko la neno. Malezi yamepewa sifa iliyokuwa ya damu.

Na mtu wa Uluguru angeweza kuwaambia hayo zamani. Katika lugha ya huko lugulu ni mlima, na Waluguru ni watu wa mlimani; jina lenyewe halitaji baba wala mama, lataja mahali. Mapokeo ya koo zao husema kwamba walikuja kwa makundi kutoka pande mbalimbali, wengine wakikimbia vita na njaa, wakapanda kwenye misitu na mvua, wakawa watu wamoja kwa kukaa. Ukoo wa Wabena, ambamo hutoka Kingalu wa Kinole aliyejulikana sana kwa mambo ya mvua, wabeba mpaka leo jina la nchi iliyo mbali kusini. Basi hapa asili ilikuja baada ya matendo. Walipanda, wakalima miteremko ambayo mgeni huogopa hata kusimama juu yake, ndipo wakaitwa.

Baadaye walikuja watu wenye orodha. Serikali ya kikoloni ilitaka kila kabila liwe na mtawala wake na daftari lake la kodi, na palipokuwa na koo nyingi zenye ardhi yake kila moja, akawekwa sultani mmoja. Kisha ukaja mpango wa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwa Mgeta, penye mboga na maji, matuta hayo yalifaa. Upande wa mashariki, udongo wa juu ni mwembamba, na kuyachimba kuliufukia udongo mwema chini ya udongo mbaya, mazao yakapungua. Watu wakakataa, na Julai 1955 pakawa na ghasia huko Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi akafa. Ni rahisi sana kwa mwenye daftari kusema: Mluguru ni mkaidi. Ni hesabu ya tabia iliyoandikwa kwenye uso, kama ile ya mchezo. Kujua kwamba ulikuwa ni udongo uliokataa kwataka mtu ashike jembe.

Lakini hesabu zikiisha kuondolewa, je, uchaguzi wenyewe umekuwa wa haki? Hapa pana jambo zito zaidi, nalo silioni likisemwa. Katika nchi ya Skyrim, Khajiit ni watu wa msafara. Wafanya biashara wao hawaruhusiwi kuingia mijini, kwa kuwa hudhaniwa wezi. Hupiga mahema nje ya lango na kuuza bidhaa zao hapo, hata theluji ianguke. Katika mji wa Windhelm, Argonian hulazwa gatini nje ya ukuta, na Dunmer, ambao walikimbia mlima wa moto uliolipuka kwao, wamesongwa katika mtaa mmoja mchafu. Waliotunga habari hizo hawakutunga kwa upumbavu. Wameona jinsi mkimbizi anavyopokewa duniani, wakaiandika.

Sasa mchezaji achague kuwa Khajiit. Atalipita lango. Mlinzi hatamzuia. Atalala katika nyumba ya wageni, atanunua nyumba mjini, mwisho atapewa cheo na mtawala wa mji, huku wenzake wa damu moja wamekaa kwenye mahema upande wa pili wa ukuta. Labda atasikia neno moja la dharau njiani. Amepewa manyoya, macho ya kuona gizani na makucha. Baridi ya usiku ameachiwa mwingine. Kuvaa uso wa mtu anayedharauliwa bila kubeba dharau yenyewe si kumjua mtu huyo. Ni kuazima kanzu yake siku ya sikukuu.

Mfano wa kinyume ninao karibu na reli ya Morogoro. Katika karne ya kumi na tisa Kisabengo alijenga mji wenye ukuta chini ya milima hii, na watumwa waliotoroka walimkusanyikia na kumfanya kiongozi wao. Stanley alipopita mwaka 1871 mji ulikuwa mikononi mwa binti yake, Simbamwene. Watu wale walichagua asili kweli kweli. Waliacha jina walilopewa na bwana wakajiita watu wa Kisabengo. Lakini jina hilo lilikuja na vitu vyake vyote: kulinda ukuta usiku, kupigana vita vya mwenye mji, na kujua kwamba aliyeshikwa atarudishwa pwani kwenye minyororo. Kisabengo mwenyewe hakuwa malaika, na wengi waliumia kwa mkono wake. Hata hivyo ndani ya ukuta ule mtu hakuweza kuwa nusu.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1971 alitutaka tufikiri kwamba tunapanga sheria za nchi kabla ya kujua tutazaliwa nani ndani yake. Mchezo umeligeuza fumbo hilo juu chini. Nchi imekwisha pangwa, lango limekwisha fungwa kwa wengine, nawe waulizwa tu: wapenda kuwa nani? Swali hilo latamu mdomoni, na utamu wake humsahaulisha mtu swali la lango. Bunge la Tanganyika liliwekewa maswali haya mawili Oktoba 1961. Wako waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, yaani wachague uso kisha walinde mlango. Nyerere alikataa, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kuukubali uraia wa rangi, muswada ukapita. Na baada ya hesabu ya watu ya mwaka 1967 wenye orodha wa Tanzania waliacha kumwuliza mtu kabila lake.

Simkatazi kijana wangu kucheza. Anayeweza kujifikiri katika mwili wa mwingine ana mlango wa huruma ambao wengi wetu tumeupigilia misumari. Ningependa tu mchezo umtoze. Kwa desturi ya zamani ya Uluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mume aliyehamia kwa mkewe alilima shamba ambalo si la kwao, akiheshimu wajomba wasio wake, na watoto aliowalea waliitwa kwa ukoo mwingine. Aliitwa mtu wa pale kwa sababu alilima pale, mvua ikinyesha na isiponyesha. Mchezo ungeweza kufanya vivyo hivyo bila taabu kubwa: anayechagua Khajiit azuiliwe langoni, auze bidhaa zake kwenye theluji, alale hemani na msafara, na asubuhi aulizwe tena kama bado anautaka uso ule. Nilimweleza kijana shauri hilo. Akafikiri kitambo, akasema mchezo wa namna hiyo ungekuwa mgumu sana, na akaniuliza kama unauzwa.