Kufuli Humfungia Nani?

Mtu akitaka kujilinda na mwizi, ana haki ya kumtaabisha mwaminifu kwa kiasi gani? Mfano wetu tumeutoa mbali, katika michezo ya kompyuta iliyouzwa Uingereza miaka ya 1980.

Mingi ya michezo hiyo iliuzwa katika kanda za kaseti, sawa na zile za nyimbo. Kijana mwenye redio kaseti ya deki mbili aliweza kumnakilia rafiki yake kwa dakika chache, na mtunzi asipate hata senti. Ndipo wenye mali wakabuni kufuli. Mchezo wa Jet Set Willy, wa mwaka 1984, ulikuja na kadi yenye miraba ya rangi. Kabla ya kuanza, kompyuta iliuliza rangi za mraba fulani, na asiyejibu sawasawa hakucheza. Mashine za kurudufu kwa rangi zilikuwa adimu siku zile. Lakini wako walioketi na penseli za rangi wakainakili kadi kwa mkono. (Laiti wanafunzi wetu wangalichora ramani kwa bidii hiyo!) Naye asiyeweza kupambanua rangi, ingawa amelipa, alikwama mlangoni.

Elite ya kompyuta ya Spectrum, ya mwaka 1985, ilizidi. Mnunuzi alipewa lenzi ya plastiki ya kuweka mbele ya kioo cha televisheni, ili herufi zilizovurugwa zisomeke. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, hazikusomeka. Tena baadhi ya wanunuzi walipewa lenzi ya mchezo mwingine! Huku nyuma, mafundi waliondoa kufuli ndani ya programu wakagawa nakala zisizouliza lolote. Mwizi akawa na mchezo ulio bora kuliko wa mnunuzi.

Hatusemi kwamba kunakili si wizi. Husemwa kuwa dukani hakikupungua kitu. Lakini aliyekesha akiutunga mchezo alipunjwa jasho lake. Hata hivyo, muuzaji naye ana deni kwa aliyelipa. Sisi tuliosimamia mitihani miaka mingi tunajua ilivyo rahisi kuwatazama watoto arobaini kama wadanganyifu kwa ajili ya wawili.

Jambo moja linatutatiza. Kanda zile huchakaa, na baadhi ya michezo ya kale inachezeka leo kwa sababu tu kuna nakala zilizovunjwa kufuli. Je, waliozivunja tuwashukuru? Hapo hata sisi tunasita.