Jembe Lisiloonja Udongo

Asiyejua maana haambiwi maana, husema wahenga. Methali hiyo yawafaa watu, ambao wana vinywa vya kuulizia. Chombo cha kale hakina kinywa. Kila asemalo mtazamaji juu yake litapita bila kupingwa. Kwa hiyo swali la kazi ya chombo si la udadisi peke yake, bali ni la haki pia: msemaji ana wajibu gani kwa marehemu waliokitumia?

Tuseme mbuzi ya kukunia nazi imechukuliwa kutoka visiwani hadi Kalemela, mkoani Simiyu, mbali na minazi. Asiyeijua ataona kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma. Akikiita kigoda hatakuwa amesema uongo, kwani hukaliwa kweli. Lakini nazi na tui vitakuwa vimempita.

Mtu wa pwani naye, akiwa Usukumani, huweza kupitwa vivyo hivyo. Katika karne ya 19 wahunzi wa Kirongo, huko Uzinza, walifua majembe yaliyofika hadi Usukumani kwa biashara. Majembe hayo yalilima, na pia yalitolewa mahari. Likiokotwa moja ambalo makali yake hayajalika, mwenye haraka ataandika: zana ya kilimo. Umbo litamuunga mkono. Ilhali jembe lisiloonja udongo huenda lilikuwa ahadi ya ukoo kwa ukoo, na maandishi yale yakawa yamemfuta bibi harusi. Huenda pia lilikuwa bidhaa iliyokosa mnunuzi. Anayeapa kuwa ni mahari, kwa kuwa hadithi hiyo ni tamu zaidi, amekosa sawa na yule wa kwanza.

Njia ya adabu ipo, nayo ni ndefu. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliyeyusha tena chuma mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, miongo kadhaa baada ya kazi hiyo kukoma. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya kinamasi, wakavuta mivukuto. Walikosea kabla ya kufaulu. Walipoyasukuma mabomba ya udongo ndani ya tanuri, vigae vilivyoungua vya zama za kale vikapata wa kuvisomea: ncha iliyoyeyuka ndiyo iliyokuwa motoni. Kumbukumbu ilihitaji mikono, na mikono ikahitaji subira.

Matumizi ya chombo, basi, hayamo katika umbo lake tu. Yamo pia katika mapatano ya watu waliokishika. Anayeandika juu yake na aandike kwanza alichokiona: makali, masizi, mahali palipolainishwa na kiganja. Kisha aandike alichoambiwa na wazee, akitenga lao na lake. Panapobaki pengo, aliache wazi, ili atakayekuja na ushahidi akute nafasi ya kuandika.