Haki ya Sikio

Maumbile yamelifanyia jicho la mwanadamu hisani moja ambayo hayakulifanyia sikio lake. Jicho lina kope. Likichukizwa na jambo hufumba, na ulimwengu wote ukazimika mbele yake. Sikio halina kope. Liko wazi mchana na usiku, kwa apendaye na asiyependa, mfano wa nyumba isiyo na mlango. Kwa hiyo kumsikilizisha mtu jambo asilolitaka ni kuingia nyumbani kwake bila ya hodi. Wajibu utokanao na hali hiyo ni wa kale kama ngoma ya kwanza iliyopigwa jirani na nyumba ya mgonjwa. Lakini chombo kipya kimeuamsha tena, na mahali ulipodhihirika sana ni ndani ya motokaa.

Katika nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Kasulu na Kibondo, iko Nyakitonto. Watu wake, ambao wengi ni Waha wakulima, husafiri kwenda gulioni, hospitali, shuleni na mazikoni, na aghalabu husafiri kwa motokaa zilizoundwa Japani na kutumika huko miaka mingi kabla ya kuvuka bahari. Motokaa ya namna hiyo ni kuukuu, na redio yake ni kuukuu vilevile. Ilizaliwa kabla ya simu ya leo, wala haijui lugha yake. Walakini werevu wa watu umewapatia wakalimani. Redio yenye tundu la waya huunganishwa na simu kwa waya mwembamba. Yenye mdomo wa kanda hulishwa kanda ya uongo, isiyo na utepe, ila kichwa kidogo cha sumaku kiletacho sauti ya simu mahali pa utepe. Isiyo na kimoja wala kingine hupewa kirushio: kijidude kichomekwacho katika tundu la kiberiti cha sigara, ambacho hupokea nyimbo kutoka katika simu na kuzirusha hewani hatua chache tu, redio ikazinasa kana kwamba zatoka katika stesheni ya mbali.

Hata hapo pana mashaka. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kwa mawimbi ya megahezi 76 hadi 90, hali stesheni zetu hutumia 87.5 hadi 108. Redio ya motokaa kuukuu kutoka huko ni kiziwi kwa sehemu kubwa ya matangazo ya nchi iliyohamia, na kirushio hakina budi kutegwa katika ule ukanda mwembamba baina ya 87.5 na 90, ambapo masikio ya redio na desturi ya nchi hukutana. Tena wimbo uletwao na mtandao hula gharama: kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ya muziki humaliza megabaiti 58 hivi. Mtandao ukififia nyuma ya kilima, mwimbaji hukatika katikati ya neno. Mtu akivumilia taabu yote hii ili apate wimbo autakao, twaweza kukisia jinsi anavyoupenda. Na jinsi itakavyomwia vigumu kuambiwa auzime.

Zamani neno hili halikuwa zito. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, na hata baadaye katika siku za Redio Tanzania, mchaguzi wa nyimbo alikuwa mtangazaji aliye mbali. Waliokuwa pamoja mbele ya redio walikuwa sawa wote, kwa kuwa hapana mmoja wao aliyechagua. Wimbo ukichukiza, lawama ilikwenda mjini na kupotelea njiani. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilisogeza hiari hiyo karibu ikakaa ndani ya motokaa yenyewe. Lakini ilikuwa hiari ya maskini. Dereva mwenye kanda tatu aliweza kujibu kwa haki, "Sina nyingine," na uhaba ukamtetea. Simu imeuondoa utetezi huo. Kampuni ya Spotify ilifungua milango yake Tanzania mwaka 2021, na hazina za namna hiyo zina makumi ya mamilioni ya nyimbo. Sasa kila wimbo usikikao garini umechaguliwa na mtu aliye humo, hali angaliweza kuchagua mwingine, au kunyamazisha. Penye hiari pana wajibu. Na hiari ikikua, wajibu haukubali kubaki mdogo.

Nani basi achague? Jibu la kwanza ni la mwenye chombo. Husema motokaa ni yake, redio ni yake, na gharama za mtandao zatoka mfukoni mwake. Yote ni kweli, lakini hayafiki mahali yanapopelekwa. Umiliki wa motokaa ni umiliki wa chuma, mpira na viti. Abiria alipolipa nauli alikodi kiti. Hakuyauza masikio yake, na hapana bei iliyotajwa ya kuyauza. Dereva ana hoja moja yenye nguvu kuliko hiyo: muziki humfukuzia usingizi, na usingizi wa dereva ni mauti ya wengi. Hoja hii yastahili heshima, maana ni ya haja, haikusimama juu ya mali. Lakini haja ina kipimo. Yatosha kumpa dereva wimbo wa kumweka macho. Haitoshi kumpa kishindo cha kutetemesha vioo, wala kumruhusu apekue nyimbo kwa kidole huku magurudumu yanakwenda. Alindaye roho za watu kwa muziki asizihatarishe kwa kuutafuta.

Jibu la pili ni la wingi. Wengi wape, husema wahenga, na penye abiria sita, watano wakitaka ngoma, mmoja atadai nini? Naona hesabu hii hukosa kwa sababu hujumlisha vitu visivyo vya jinsi moja. Tuchukue mfano. Watano wanataka kufurahi. Wa sita ni mama aliyepata habari ya msiba na anakwenda kuzika. Watano wakinyimwa wimbo watapungukiwa na tafrija ya saa moja, na wimbo uleule utawangojea jioni bila ya kuchakaa. Mama akilazimishwa kuusikia ataumizwa katika saa ambayo hairudi. Raha tano hazifanyi haki ya kulipia jeraha moja. Katika nchi iliyopokea wakimbizi wa Kongo huko Nyarugusu tangu 1996, na wa Burundi kwa wingi mwaka 2015, jambo hili si la kubuni tu. Wimbo mmoja waweza kuwa sukari kwa jirani wa kulia, na kwa jirani wa kushoto ukawa sauti ya nyumba iliyoteketea. Uso haumwambii dereva habari hizo.

Jibu la tatu ni la kujitenga: kila mtu achomeke visikilizio vyake, asikie chake peke yake. Ni jibu la amani, nami siwalaumu walifuatao. Lakini lina hasara yake. Safari ya pamoja ni mojawapo ya shule chache ambazo mzee na kijana, mwenyeji na mgeni, hukaa darasa moja. Wimbo wa zamani uliofufuliwa na simu huweza kumfanya mzee asimulie mambo ambayo kijana hangeyauliza. Tukiziba masikio yote kwa kuogopa ugomvi, tutakuwa tumeponya jino kwa kuliondoa taya.

Sheria haitatuamulia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji na mwimbaji ili kazi yao isitumiwe bure, na ni insafu wapate ujira wao. Lakini mwimbaji akishalipwa, swali la msikilizaji lingali limesimama palepale. Ni swali la adabu, na adabu huishi katika dhamiri.

Rai yangu ni kuwa simu iliyounganishwa na redio ya wote ni amana. Aishikaye, awe dereva au abiria wa mbele, ni mdhamini wa masikio yasiyo yake. Kila mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Ndiyo maana mwamba ngoma hahitaji kuongezewa nguvu, ahitaji kukumbushwa jirani. Kwanza abishe hodi: "Mama, muziki hautakusumbua?" Swali hili halili hata megabaiti moja. Pili, aumiaye atangulizwe mbele ya afurahiye. Tatu, ukimya uhesabiwe kuwa mmoja wa wimbo zilizomo katika hazina yake, wala asiyeutaka muziki asionekane adui wa furaha.

Yuko atakayepinga kuwa kwa kanuni hii mnuni mmoja atawatawala wenziwe kila siku. La. Kuchukia si kuumia. Asiyependa tu mtindo wa wimbo apunguziwe sauti, na zamu yake ya kuchagua ifike. Mwenye maumivu azimiwe kabisa. Hizi ni daraja mbili, na kuzitenganisha kwahitaji muda wa kumtazama mtu na kumsikiliza. Huo ndio usikivu ambao hapana chombo kiwezacho kuurusha kutoka simu hadi redio. Mwenye kuutaka sharti autoe moyoni mwake, kabla hajabonyeza wimbo wa kwanza.