Nani Atamfungua Lazaro Sanda?

Somo: Yohana 11:38–44

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja alinijia baada ya ibada. Ameokoka, na bado anakunywa. Mara tatu alikuwa amekuja mbele tukamwekea mikono, na mara tatu alirudia chang'aa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pasta, kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Wanakutana Jumanne jioni. Nikienda, nitakuwa nimekosa imani?" Mimi nikamjibu haraka haraka, "Ndugu, Yesu anatosha. Ongeza maombi."

Hakwenda kwa kikundi. Baada ya wiki chache, hata kanisani hakuonekana tena. Alikuja kupata msaada miaka miwili baadaye, kazi imeenda na watoto wamezoea kumkimbia. Leo hanywi, Mungu asifiwe. Lakini ile miaka miwili mimi siwezi kumrudishia. Ndiyo maana swali lake nalijibu leo upya.

Twende kaburini kwa Lazaro. Kumwita mtu aliyekufa siku nne, hiyo ilikuwa kazi ya Yesu peke yake. Lakini Lazaro alitoka akiwa bado amefungwa mikono na miguu, uso umezungushiwa kitambaa. Ndipo Yesu akawaambia watu waliosimama pale wamfungue. Ebu fikiria: aliyeshinda mauti angeshindwa na kitambaa? Hapana. Kazi hiyo aliwaachia watu. Na Lazaro angesema, "Nimeshafufuka, msiniguse," angekuwa hai, lakini ndani ya sanda.

Wako wapendwa wetu walio hivyo. Uhai wanao. Sanda ni ile njia ya kutoka kazini inayopita kwa mama pima. Ni marafiki wa Ijumaa, mshahara ukiwa mfukoni. Ni mwili uliozoea. Saa hiyo kiu ikipanda, mtu anahitaji mwenzake wa kumpigia simu, ambaye hatashangaa.

Hicho kikundi kinachojulikana kama Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilianza namna hiyo hiyo. Mwaka wa 1935, Bill Wilson, mtu aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani. Biashara imeharibika, baa iko karibu. Akatafuta orodha ya makanisa, akampigia mchungaji simu, akitaka aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Simu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Dakta Bob Smith, na wawili hao wakaanza kushikana mkono. Huyo mchungaji hakumwambia aongeze maombi akate simu, kama mimi nilivyofanya.

Mtu atasema, "Lakini kule hawahubiri Yesu." Ni kweli. AA si kanisa. Wanamtaja Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu. Wewe unamfahamu kwa jina. Nenda naye. Mwingine atasema, "Mimi ni kiumbe kipya, nitasimamaje niseme mimi ni mlevi?" Yakobo alibarikiwa Penieli, na alitoka pale akichechemea. Kukubali kwamba unachechemea si kukana baraka.

Sasa, utakipata wapi? Piga 1192, simu ya bure ya NACADA, uulize msaada ulio karibu nawe. Uliza pia hospitali. Kwa mikutano ya AA hakuna ada. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Watu hutumia jina la kwanza, na yanayosemwa pale hubaki pale. Siku ya kwanza unaweza kukaa tu na kusikiliza. Iko mikutano ya wazi, ambayo hata mke au rafiki anaweza kuingia, na iko ile ya wenye shida hiyo pekee, kwa hivyo uliza kwanza. Na kama umekunywa sana kwa muda mrefu, mwone daktari kabla ya kuacha ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa, hata kuua. Kumwona daktari si kukosa imani.

Lakini swali la mwisho ni letu sote. Kwa nini ndugu yetu aliweza kusema ukweli mbele ya wageni, na kwetu alikuwa akisema, "Niko sawa, ameni"? Waraka wa Yakobo 5:16 unatuagiza tuungamiane makosa na kuombeana ili tuponywe. Sisi tumeshika kuombeana. Kuungama tumekuogopa, kwa sababu neno la Jumapili hufika sokoni kabla ya Jumatano. Mdomo wetu umewafunga watu sanda ya pili.

Wiki hii, kama ni wewe, piga hiyo simu. Kama ni jirani yako, usimhubirie. Mwambie, "Jumanne twende, nitakungoja nje kwa geti." Yesu ameshamwita Lazaro. Waliosimama karibu ni sisi.